Fedha za Bweni na Biashara ya Ng'ombe
Maneno ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka



Limeletwa pendekezo kwamba michango ya bweni la wasichana isikae bure. Inunue ng'ombe, wanenepeshwe miezi mitatu, wauzwe, na faida iongeze matofali. Ni wazo la watu wenye nia njema, nasi tumelipigia hesabu.

Tuchukulie tumenunua madume 10 kwa shilingi 700,000 kila mmoja. Hizo ni 7,000,000. Pumba, mashudu, dawa na ujira wa mchungaji ni 200,000 kwa kila ng'ombe, yaani 2,000,000. Tumetoa 9,000,000. Tukiuza kwa 1,100,000 kila mmoja tunapata 11,000,000, na faida ni 2,000,000. Hadi hapo kila mtu anapiga makofi.

Sasa ng'ombe mmoja afe karibu na mwisho. Faida inashuka hadi 900,000. Kifo kimoja kimekula zaidi ya nusu. Bei nayo ishuke hadi 950,000 siku ya mnada: tisa waliobaki wanaleta 8,550,000, nasi tumepata hasara ya 450,000. Ukitokea ugonjwa na mnada ukafungwa mwezi mmoja, ng'ombe hawaachi kula. Kwa chakula cha 50,000 kila mmoja, hasara inafika 900,000.

Hayo si maneno ya kutishana. Sotoka ilimaliza mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, na dunia ilitangaziwa kwamba imetokomezwa mwaka 2011 tu. Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006 na 2007 ilipoingia Kenya na Tanzania, watu waliogopa nyama na minada ikafungwa. Hata mfugaji ambaye ng'ombe wake walikuwa wazima alikosa wa kumuuzia. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inaipa Serikali uwezo wa kuzuia mifugo isihame, na ni haki, maana homa ya mapafu ya ng'ombe haiheshimu mpaka wa kijiji.

Bei nayo ina mzunguko wake. Mvua zikiisha ng'ombe wana nyama, na aliyeuza mpunga au ufuta anataka kununua. Ikifika Oktoba na Novemba malisho yamekauka, ng'ombe wamekonda, na familia zinahitaji chakula na fedha za shamba. Wengi wanauza kwa pamoja, bei inaanguka. Januari inakuja na mahitaji ya shule. Mfugaji wetu mara nyingi haangalii bei, anaangalia shida iliyo mlangoni.

Upo pia mzunguko mrefu. Bei ikiwa nzuri, watu wanabakiza mitamba wazae. Mtamba wa kienyeji huchukua kama miaka minne kupata ndama wa kwanza, na mimba peke yake ni miezi tisa. Kwa hiyo wote walioingia kwa bei nzuri wanafika sokoni pamoja, miaka mingi baadaye, bei ikiwa nyingine.

Je, biashara hii haifai? Inafaa. Daraja la Mto Momba limetuunganisha na Kilyamatundu, na Tunduma ni mlango wa Zambia. Lakini anayefaulu ana akiba ya kungoja. Ananunua pumba wakati wa mavuno zikiwa rahisi, ananunua ng'ombe wakati wengine wanauza, na halazimiki kuuza siku asiyoitaka. Bweni halina uwezo wa kungoja. Fundi anataka malipo yake, na binti anayetembea mbali kwenda shule hawezi kuambiwa asubiri bei ya mnada ipande.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shilingi ya bweni ibaki benki, katika akaunti yenye saini tatu. Pili, wanaotaka biashara ya ng'ombe waanzishe mfuko wao wa hisa, kwa hiari, kwa fedha ambazo mtu akizipoteza watoto wake bado watakula. Tatu, mfuko huo uwe na daftari: kila ng'ombe na alama yake, siku aliyonunuliwa, chanjo, chakula, kifo na bei ya kuuzwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Faida ikipatikana, wenye hisa wakiamua kuleta sehemu kwenye bweni, tutaipokea kwa mikono miwili.

Ndugu zetu, bahasha za michango ziko mezani. Fedha mtakayoitia leo itakuwa tofali, si ng'ombe.