Mtoto Anaporudi Likizo

(Maneno ya Padre kwa wazazi na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kabla ya likizo ya Desemba)



Mmezoea kwamba Tume ya Haki na Amani ikiwaiteni, mazungumzo huwa juu ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane au uchaguzi. Leo naomba tutazame haki ya mtu asiyeweza kuja ofisini kulalamika: mtoto aliyeumia moyoni au akilini, ambaye juma hili anafunga shule na kurudi kwetu.

Kwa watoto walio wengi likizo ni furaha. Lakini kwa mtoto mwenye hofu isiyomwacha, huzuni nzito au akili isiyotulia, shule, hata ikiwa maskini, ilimpa vitu ambavyo sisi hatukuvihesabu: kengele ya saa ileile kila asubuhi, uji, mwalimu anayemfahamu, rafiki wa dawati moja. Vyote hivyo humwondokea kwa siku moja. Tulionja jambo hilo mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi kwa sababu ya Korona, na watoto wengi wakakaa nyumbani hadi mwisho wa Juni. Wazazi kadhaa waliniambia wakati ule kwamba hawakumtambua tena mtoto wao.

Sina budi kuwaambia kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alinijia wakati wa likizo kama hii. Mwanawe wa miaka 13, tangu baba yake azikwe, hakula vema, hakulala, na alikuwa akikojoa kitandani. Nilimwombea, kisha nikamshauri ampe kijana kazi nyingi, asipate nafasi ya kuwaza. Ushauri ule ulionekana wa busara. Kumbe kijana alipelekwa kwa baba yake mdogo kuchunga ng'ombe, kutwa nzima peke yake, na kila kitanda kilipolowa alichapwa. Januari hakurudi shuleni. Nilipopata kuzungumza naye aliniambia neno moja tu: kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari za baba yake. Sala haikuwa kosa. Kosa langu ni kwamba niliishia hapo, wala sikumwita mtoto mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Maana yake yanaanzia mikononi mwetu, wakati ambapo sisi tunayaita jeuri, uvivu au pepo. Mtoto anayejitenga na wenzake, anayeshtuka usiku, aliyeacha mchezo alioupenda, au anayepandwa na hasira bila sababu inayoonekana, akiendelea hivyo kwa majuma mawili, apelekwe kituo cha afya. Fimbo haijapata kumponya hata mmoja.

Aulizwe pia, kwa upole na faraghani. Hata akisema amechoka kuishi, mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na sumu za mimea, ambazo wengi wetu huziweka chini ya kitanda, zifungiwe. Mwenye dawa za kifafa au za akili, vidonge vyake vihesabiwe kabla ya safari ya kwenda kwa bibi, maana kuzikatiza ghafla ni hatari.

Na hapa, wazazi, mnivumilie. Wapo watoto wanaougua kwa sababu ya mtu aliye nyumbani. Kabla ya kumpeleka mtoto kwa ndugu, mwulizeni kama yuko mtu huko anayemwogopa, na akisema ndiyo, asiende, hata kama mjomba atanuna. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Kumaliza mambo kifamilia hakumwondolei mtu wajibu huo. Simu namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, na hailipiwi.

Lakini mzigo huu tusimtwike mama mmoja. Nawaomba viongozi, kila Jumuiya ipange watu wawili wanaoaminika, wakae pamoja na mtoto wa namna hii mchana mmoja kwa juma, wakiwa wawili daima, ili mama apate kwenda gulioni au alale tu. Vijana wa kwaya wamwalike mazoezini, bila kumlazimisha kuimba.

Jambo la mwisho ni dogo, nami nimelisikia kwa masikio yangu. Katika nia za sala za Jumuiya, msitaje jina la mtoto wala ugonjwa wake. Kesho yake huimbwa kisimani. Semeni tu: tuwaombee watoto wetu walio likizo.