Usiitupe Kompyuta ya Zamani

Msikilizaji, kompyuta yako imekataa Windows 11? Usiitupe. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Inachokosa ni kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM, au prosesa yake haimo kwenye orodha ya Microsoft. Na kubaki na Windows 10 nako kuna shida: iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 iingie. Itaingia, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho. Mimi nakushauri Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, nao ni wa bure.

Kwanza nakili picha na hati zako kwenye flashi. Narudia: nakili kwanza! Kisha fundi aiwashe Mint kutoka flashi nyingine, bila kufuta chochote. Jaribu intaneti, sauti, printa. Vikikubali, ndipo aiweke.