Sindano Iliyobaki Katika Nguo

Somo: Matendo ya Mitume 9:36-42



Luka atueleza habari za mwanafunzi mmoja wa Yafa, Tabitha, aitwaye pia Dorkasi. Alipokufa, Petro aliitwa kutoka Lida. Wajane waliomlaki chumba cha juu hawakumtolea hotuba ya maziko. Walilia, wakamwonyesha nguo ambazo marehemu aliwashonea.

Ndivyo wafiwa walivyo hata leo. Mwaka 1987, huko Washington, Marekani, watu waliofiwa kwa sababu ya Ukimwi walitandaza uwanjani vipande 1,920 vya nguo iliyoshonwa kwa ukumbusho. Kila kipande kilikuwa na upana wa futi 3 na urefu wa futi 6, kadiri ya kaburi. Mkono wa mfiwa hutafuta kitu cha kushika.

Nasi twawaelewa. Nyumbani kwetu Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, karibu na viwanda vya Industrial Area, mama yetu alikuwa akishona blanketi la viraka kwa mkono. Viraka vilitoka katika ovaroli kuukuu za baba, sare zetu za shule, leso zake mwenyewe, na vipande alivyonunua Gikomba. Alikuwa amemaliza safu sita kati ya tisa alipofariki. Sindano ilibaki imechomekwa katika kiraka, na uzi ungali ndani yake.

Kwa miezi mingi hatukuligusa. Lilikaa sandukuni chini ya kitanda. Mmoja wetu alitaka libaki vivyo hivyo, liwe ukumbusho. Mwingine alitaka apewe mtu, kwa maana kila akiliona moyo ulimwuma. Tulikaribia kukosana. Kitinda mimba wetu hakusema neno.

Ndipo mama mmoja mzee wa kanisa letu alipokuja kututazama. Akauliza, "Wanangu, marehemu alikuwa akimshonea nani?" Tukamwonyesha kitinda mimba. Ilikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Nairobi mwaijua. Akasema, "Basi mtoto analala na baridi, na blanketi lake liko chini ya kitanda."

Jioni ile tulilitoa. Tukawa tukishona baada ya kazi, siku nyingine watu wanne, siku nyingine mmoja. Mishono ya mama ilikuwa midogo, imenyooka. Yetu ilikuwa mikubwa, imepinda. Tulilia juu ya nguo ile kuliko tulivyolia makaburini, kwa maana kule kulikuwa na wageni wa kupokea na gharama za kuhesabu. Tulipokwisha kutia bitana na kukunja pindo, mtoto alijifunika, akalala. Mahali mkono wa mama ulipokoma na wetu ulipoanza paonekana wazi hata leo.

Pengine msikilizaji atauliza: Dorkasi alifufuliwa, mbona mama yenu hakuamka? Nasi tuliomba. Hatuna jibu la kumfunga mtu mdomo. Lakini twajua kwamba Luka hasemi Petro aliwakemea wajane kwa machozi yao, na Bwana mwenyewe alimlilia Lazaro, ingawa alijua atakalotenda. Kulia si kukosa imani. Tena, Dorkasi alirudishwa katika mwili uleule wa kufa. Tumaini letu ni kubwa kuliko siku za kuongezewa: ni Kristo aliyefufuka, ambaye mauti haimwezi tena.

Ndugu mpendwa, je, marehemu wako aliacha kazi gani katikati? Labda ni mtoto wa kulipiwa karo, au jirani mgonjwa aliyezoea kutazamwa. Usijilazimishe kabla moyo haujapata nguvu. Lakini usiufungie upendo wake sandukuni, na huku yupo anayeona baridi. Mishono yako ikipinda, shona tu.

Tuombe. Ee Baba, uwafariji wote waliofiwa. Uishike mikono yetu inayotetemeka, tuyamalize kwa upendo yale yaliyoanzwa kwa upendo, hata siku ile utakapotukutanisha tena. Katika jina la Yesu. Amina.