Mlango wa Msamaha Ndani ya Kisasi

 

Enyi ndugu zetu wasikilizaji, kila uzukapo mjadala wa kunyongwa wauaji hapa Kenya, husikika Waislamu wakisema: "Dini imeamrisha auawe, basi na auawe." Sisi twasema hao wameisoma nusu ya Aya. Katika Suratul Baqara, Aya ya 178, Mola ameandika kisasi, na kabla Aya haijakwisha ameufungua mlango wa msamaha na dia, na walii wa damu akamwita ndugu wa muuaji. Uamuzi ni wa walii huyo, mbele ya kadhi. Si wa kundi lipigalo kelele barabarani.

Sheria tuliyorithi kwa Waingereza haikumuuliza walii. Hata jaji ilimfunga: ikithibiti kuwa mtu ameua kwa kukusudia, hukumu ni moja tu. Mahakama ya Juu iliubatilisha ulazima huo mwaka 2017, ingawa adhabu yenyewe haikuifuta.

Kabla ya hapo, mwaka 2013, Mahakama Kuu mjini Nairobi iliruhusu kesi moja ya mauaji iondolewe, kwa kuwa jamaa wa pande mbili, Waislamu, walikwisha patana na fidia ikalipwa. Je, tufurahi? Mwenye kuhofu kuwa tajiri atainunua damu ya maskini hakukosa hoja. Mjane aliyezungukwa na wazee usiku kucha, akaambiwa apokee ngamia asilete fitina, huyo hakusamehe. Amedhulumiwa mara ya pili. Hapana msamaha pasipokuwa na uhuru wa kukataa. Na wazee wanaohimiza suluhu wakumbuke Hija ya Kuaga, mwaka 10 Hijria: Mtume (S.A.W.) alipofuta visasi vya zama za Ujahili, alianza na damu ya ukoo wake mwenyewe, ya mwana wa Rabia bin al-Harith.

Na akiwa mrithi ni yatima mdogo? Maulamaa wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu pwani hii, muuaji hufungwa mpaka mtoto abaleghe, aamue mwenyewe. Miaka kumi, pengine zaidi, hukumu yamngoja mtoto akue.