Juu ya Sarafu za Shaba Zilizomo Katika Sanduku la Chama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Mbulu na Hanang)



Nimeamriwa na Halmashauri niseme machache juu ya zile sarafu za shaba ambazo wanachama wamezileta, wengine kutoka Dareda, wengine Katesh na Basotu, wakiuliza, "Hii ni fedha ya nani?" Swali hili si la mchezo. Wako watu wazungukao vijijini wakisema kwamba kila kipande cha Mjerumani chapata mamilioni, nao hudai kwanza malipo ya kukipima. Karani asiyejua kusoma sarafu hana ngao mbele yao.

Na tuanze na ile iliyotusumbua kuliko zote. Ni nyekundu, nayo imepigwa ovyo. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916, na chini yake herufi T; upande wa pili yasomeka hela 20 katikati ya majani. Baadhi yenu mlidhani ni kibao cha kuhesabia wapagazi, au alama ya shamba fulani, maana ni duni mno kuwa kazi ya dola. Lakini T ni Tabora. Katika vita ya 1914 hata 1918 manowari za Waingereza ziliziba bahari, fedha ya Ulaya haikufika, na Wajerumani wakakosa cha kuwalipa askari wao. Ndipo walipopiga sarafu wenyewe katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, wakitumia shaba yo yote waliyoipata, hata maganda ya risasi za mizinga. Kwa sababu hiyo hela 20 huonekana kwa rangi mbili, nyekundu na njano, wala hiyo si dalili ya uongo. Mnamo Septemba 1916 Wabelgiji waliutwaa mji. Karakana hiyo ndiyo iliyopiga pia rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke kwa jirani zetu wa Iramba. Hizo hazimo katika sanduku letu, wala sitazamii kuziona.

Hela moja moja, zenye taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, zilianza mwaka 1904, na 100 zilikuwa rupia moja. Ni nyingi sana, na thamani yake ni ndogo. Lililobaki kubwa ni jina lake, ambalo kila mtu hulitaja mfukoni mwake mkiwa mtupu.

Lakini jihadharini na tarakimu za Kiarabu. Pesa ya Kampuni ya Kijerumani, yenye tai, ina mwaka 1307, au 1308, au 1309. Na pesa ya Seyyid Barghash wa Unguja, yenye mizani, ina 1299. Mtu akisoma hivyo aweza kuapa kwamba ameshika mali ya miaka mia saba. Hiyo ni miaka ya Hijra. 1299 ni 1882, na zile za Kampuni ni za 1890 hata 1892, wakati ambapo pesa 64 zilifanya rupia moja.

Sarafu za kale hasa ni zile ndogo za shaba za Kilwa, zenye jina la mfalme, kama Ali bin al-Hasan, nazo hazina mwaka. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, akaziweka mkebeni; hazikutambuliwa hata mwaka 1979. Mpaka leo wataalamu hubishana zilifikaje huko. Thamani yake yote imo katika mahali zilipookotwa, wala si katika shaba.

Kwa hiyo nawasihi msizisugue kwa mchanga wala limau. Nyingi zimekwisha kuwa bangili mikononi mwa wahunzi, wala siwalaumu, maana shaba ni shaba. Lakini iliyo mkononi mwako leo, ifunge katika karatasi, uandike kijiji, shamba, na kina cha udongo ilikotoka. Tena ikiwa yaonekana kuwa ya kabla ya mwaka 1863, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yailinda: hapana ruhusa kuichimbua bila kibali, na aliyeivumbua hana budi kuwapasha wakuu habari. Karatasi hizo mpeni Mwandishi wa Chama, naye ataziingiza katika daftari pamoja na sarafu zenyewe.