KIJANA MWENYE KIFAFA ASINYIMWE KAZI
(Hotuba fupi kwa watumishi, Makole, Dodoma)



Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa povu wala kwa kugusana. Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa hadi wagonjwa 70 katika kila 100 waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Hata hivyo, kijana akianguka kazini huweza kuambiwa asirudi. Mwenzake aonaye hayo huuficha ugonjwa wake, huacha kliniki, naye huanguka zaidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Wakuu wa kazi, mwepusheni kijana na ngazi, moto na usukani. Mpeni ruhusa ya kliniki. Kazi nyingine aendelee nazo. Akianguka, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu kinywani.