Betri mbovu itarudi njia gani?

Mfanyabiashara wa Kasongo anayeagiza betri za sola moja kwa moja kiwandani China hupata bei nafuu. Soko kubwa la mtandaoni kama Alibaba lina kinga moja zaidi: laweza kushikilia malipo hadi mnunuzi apokee mzigo. Lakini itakuwaje betri ikifika kwa mteja wa Kabambare imekufa? Imevuka bahari, kisha matope juu ya pikipiki; nauli ya kuirudisha huenda ikapita bei yake. Amri ya nchi yetu ya 1888 juu ya mikataba humbana muuzaji kwa kasoro iliyofichika, ila hakimu wetu hamfikii mtu wa Guangzhou. Kwangu mimi, bora duka la Kindu au Bukavu, hata likiwa ghali. Ndugu wasikilizaji, jaribuni kila betri dukani kabla ya kufunga mzigo, na risiti muitunze.